Siagi ya Kwaresima

Temeke,
24 Februari 1950

Baba Sesilia,

Nakuandikia nikiwa na vumbi la karanga hadi kwenye nyusi, kwa hiyo ukiona karatasi ina madoa ya mafuta usidhani nimeifungia maandazi.

Sisi tupo. Sesilia surua imemtoka, ila mwili haujarudi. Mwezi wa tano anatimiza miaka miwili, na mikono yake bado ni ya mtoto wa mwaka mmoja. Juzi nilimpeleka kliniki kule misheni. Sista akampima, akatikisa kichwa. Akasema nyama hamli, ni Kwaresima, na maziwa ya huko kwenu ni maji yaliyopakwa chokaa. Basi mpe mtoto karanga, zisagwe mpaka ziwe laini kabisa, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na kimoja jioni. "Siagi ya karanga," akasema, kama vile nimezaliwa naijua.

Nilirudi nikaitengeneza kwa akili yangu mwenyewe. Nikakaanga, nikatwanga, ukatoka unga, na unga haukutaka kuwa siagi. Nikatia maji. Ilipopata maji ikakamatana kama udongo wa kukandikia nyumba, na kesho yake ilikuwa imechacha. Nimeimwaga yote. Nimelia, sikufichi, maana karanga zile nilizifuata Kariakoo kwa miguu, mtoto mgongoni.

Kilio kikamfikia Mwajabu, yule mjane wa nyumba ya pili ambaye uliniambia nisizoeane naye kwa sababu anaongea sana. Anaongea kweli, nami nashukuru. Alikuja na kinu chake akaketi, akaniuliza, "Mwanangu, nani alokufunza kutia maji? Mafuta yamo humo humo ndani ya karanga. Wewe twanga tu. Ukichoka twanga, ukitaka kulia twanga huku unalia."

Basi tukaanza upya. Tulizikaanga kwenye mchanga wa moto ili zisiungue upande mmoja, tukazipukusa maganda zikiwa bado zinachoma viganja, tukapeta. Kisha, kazi ambayo sikuijua, tukazipasua moja moja kutoa kile kijicho cha katikati, maana ndicho kinachotia uchungu. Tukatwanga mpaka bega likafa ganzi, halafu tukasaga kwenye jiwe lililoanikwa juani tangu asubuhi. Unga, unga, unga, tonge kavu, na nilipokuwa nataka kutupa jiwe, mafuta yakatoka yenyewe. Ikang'aa! Sesilia alilamba kidole changu akakishika, hataki kukiachia.

Sasa tatizo ni karanga zenyewe. Za Kariakoo zina ukungu. Mwajabu hupata kidogo kwa nduguze wa Kimbiji, zikija. Na wewe, mume wangu, ni karani wa stoo katika shamba ambalo watu husema ukipanda juu ya trekta huuoni mwisho wa karanga. Mwanao anazitafuta karanga mjini! Si jambo la kuchekesha? Mimi silicheki tena.

Mkeo,
Felicitas


Shamba la Karanga, Bara,
6 Machi 1950

Mama Sesilia,

Barua yako, iliyopitia kwa dada Demetria kama kawaida, imenifikia salama. Nimesikitika kusikia hali ya mtoto.

Kuhusu ombi lako: mbebaji wa barua hii ni Apolinari, mtu wa kwetu Bukoba, anayefanya kazi kwenye treni. Atakuletea nusu gunia la karanga, teule, kubwa, ambazo hazipatikani sokoni. Nimepewa na Bwana Stoo kwa ajili ya utumishi wangu mwema. Anaridhika sana na mwandiko wangu.

Jambo moja. Usiwatangazie majirani zimetoka wapi. Si kila karani anayepewa, na watu wana maneno. Tena ningependa huko kutwanga kufanyike uani, si barazani. Wewe ni mke wa karani, umesoma shule ya masista. Sisemi hivyo kwa ubaya.

Huku joto ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Tunapanda kabla haijakata. Trekta mbili zimekwama tangu wiki iliyopita.

Ni mimi mumeo,
Adelard


Temeke,
17 Machi 1950

Baba Sesilia,

Gunia limefika! Apolinari alilibwaga mlangoni akasema mgongo wake sasa ni mali yangu. Nimempa chai na muhogo. Sijapata kuona karanga kubwa hivi. Mwajabu alizishika kiganjani akasema hizi zimekula wali.

Na nimecheka peke yangu. Nilipofungua nikakuta zimepakwa vumbi, la kijivu likielekea wekundu, nikamwambia Mwajabu: tazama, kumbe hata Wazungu huhifadhi mbegu kwa majivu! Unamkumbuka bibi yangu Kokushubila, alivyokuwa akichanganya maharage na njugu kwenye majivu ya mgomba ili wadudu wasiingie? Msimu wa njaa tulikuwa tukizichota humo humo, tunapangusa kwa kitambaa, tunapika. Nilipoliona vumbi lile nilijisikia nipo kwetu. Kwa hiyo usihangaike, najua la kufanya. Zitapanguswa vizuri, na moto utamaliza yaliyobaki.

Ila bado sijazigusa. Mwajabu ameletewa karanga za Kimbiji, tunamaliza hizo kwanza, maana zimeshamenywa. Za kwako naziweka kwa siagi ya Pasaka. Nataka nijaze chupa ya Sista, chupa ya Mwajabu, na moja ya wifi Demetria ili aache kunitazama kama mtu aliyemwibia mdogo wake.

Sikiliza habari ya mwanao. Mizani imepanda. Sista amesema "vema" kwa sauti. Jana Sesilia ametoka mlangoni mpaka kwenye kinu bila kushika ukuta, akaingiza mkono ndani. Anajua siagi inatoka wapi.

Uani hakuna kivuli. Tunatwanga barazani.

Mkeo,
Felicitas


Shamba la Karanga, Bara,
27 Machi 1950

Mama Sesilia,

Natumaini barua hii itakukuta hujaanza kazi ya zile karanga nilizokupelekea.

Nimefikiri vizuri na nimeamua usizitumie. Karanga zile ni za kupanda, si za kuliwa. Zifukie au uzitupe mbali, wala usimpe mtu. Na hii habari ya siagi naona iishe kwanza. Mtoto ameshapata nafuu, mpe samaki.

Usiniulize sababu, na usizungumzie jambo hili katika majibu yako. Barua za huku siku hizi, zinazokuja na zinazokwenda, hupita mezani pa karani mkuu. Nataka uniamini kama mumeo na utii. Si mara nyingi nakuamuru.

Nitakueleza nikija likizo.

Mumeo,
Adelard


Temeke,
1 Aprili 1950

Adelard,

Barua yako imefika jana, na nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoificha sababu. Sikuiona. Basi nikuambie mimi.

Nani amekuandikia? Usiniambie hakuna. Barua zako zote hushukia ofisini kwa shemeji Projestus, zinakwenda kwake Kinondoni, mkewe, wifi Demetria, anazishika siku mbili tatu ndipo ananiletea, na bahasha zenyewe huwa zimelegea kama zimekaliwa. Juma lililopita alikuja akanikuta barazani na Mwajabu, nimekunja kanga, jasho linanitiririka, natwanga. Akasema, "Mke wa Adelard, hata kiti huna?" Halafu siku chache baadaye wewe unaamuru siagi iishe. Mimi si mjinga.

Tangu lini karanga za kupanda haziliwi? Kwetu mbegu na chakula ni kitu kimoja, tofauti ni siku utakayozitoa. Umenipa karanga, umejisifu umepewa kwa mwandiko mzuri, sasa unaniambia nizifukie ardhini kama maiti. Na mtoto nimpe samaki! Samaki gani, wewe uliyeondoka hapa miezi mitano iliyopita? Mwanao hali samaki, anatapika. Angekuwa anakula samaki ningekuwa na shida gani?

Umeniona mtu wa kuamriwa kwa karatasi. Ungeniambia ukweli, hata kama ni kwamba dada yako anaona aibu, ningecheka, ningehamia uani na jua lake. Lakini "usiniulize"? Nimekuuliza sasa.

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Nikitoka Misa nitakaanga karanga zako, zote, barazani, na mlango wazi.

Felicitas


TELEGRAMU
6 APRILI 1950

KWA PROJESTUS DAR ES SALAAM

KARANGA ZA GUNIA ZINA SUMU MTOTO ASILE NIMEZIIBA MIMI KIMBIENI TEMEKE SASA HIVI

ADELARD


Shamba la Karanga, Bara,
6 Aprili 1950, saa tisa mchana

Mama Sesilia,

Barua yako nimeipata leo saa nne. Saa tano nilikuwa mbele ya Meneja. Simu ya maandishi ya hapa iko ofisini kwake na hakuna anayeituma bila kumweleza sababu. Nimemweleza. Nililiandika neno lile la wizi kwa mkono wangu, hakunilazimisha, ili usije ukadhani tena ni maneno ya wifi yako.

Sikupewa karanga na mtu yeyote. Siku ya Jumapili Bwana Stoo alipokwenda kuwinda nilifungua stoo kwa ufunguo wa kazi nikachota. Magunia yalikuwa mengi, nikaona nusu moja haitajulikana. Niliwaza mikono ya Sesilia. Vumbi nililiona, nikafikiri ni vumbi la stoo tu.

Tarehe 25 Machi vibarua wanne walichota mbegu shambani wakakaanga wakala. Waliletwa kwenye machela wanatapika, mmoja hajui jina lake. Ndipo Meneja akatukusanya akatuambia mbegu zote hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na dawa ile ni sumu kwa mtu. Akasema pia kwamba stoo imepungua, na atakayegunduliwa atapelekwa mahakamani. Nilisimama pale mstari wa mbele nikiwa nimeshika daftari.

Siku mbili baadaye ndipo nilipokuandikia. Sasa unajua kwa nini niliandika vile.

Je, mmekula? Felicitas, mmekula? Nijibu kwa simu, neno moja tu, Projestus atalipia. Mimi siruhusiwi kuondoka mpaka polisi waje kuandika maelezo yangu, na polisi wako mbali, na kesho ni Ijumaa Kuu.

Adelard


Shamba la Karanga, Bara,
9 Aprili 1950, Pasaka

Mke wangu,

Hakuna jibu. Jana nilikwenda stesheni mara tatu. Mkuu wa stesheni ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Posta imefungwa, simu imefungwa, leo kila kitu kimefungwa, na kesho pia ni sikukuu. Naandika kwa sababu siwezi kukaa.

Nimejaribu kulala, nimejaribu kwenda Misa. Padri alikuja na pikipiki, akasema Kristo amefufuka, watu wakapiga vigelegele, mimi nikatoka nje. Nimezunguka kambi mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Wanaume watatu kati ya wale wanne wamepona. Nakuambia ili ujue inawezekana. Wa nne sikuambii.

Ulisema utapangusa vumbi. Uliondoa maganda, sivyo? Unaondoaga maganda yote. Na moto wa mchanga ni mkali. Siku zile zote kumi na mbili nilijiambia hivyo hivyo: moto utaiua. Nilijiambia, nimeshamkataza, yeye ni mke wangu, atatii. Hata mimi nacheka nikiandika. Hujapata kunitii hata siku moja, ndiyo maana nilikuoa.

Kama mtoto ni mzima, mwambie baba yake yuko njiani. Kama si mzima, usiniambie kwa barua.

Adelard


Kinondoni,
10 Aprili 1950
Kwa mkono wa Apolinari

Mdogo wangu Adelard,

Posta haifanyi kazi, nimemwomba Apolinari akupe hii mkononi. Najua unangoja, kwa hiyo nakuambia kwanza: mpaka naandika, Sesilia yu hai. Yuko hospitali pamoja na mama yake. Mwajabu naye yuko wodi ya jirani, mdomo umevimba lakini anaongea, na kwa hiyo manesi wote wanajua habari zako.

Simu yako Projestus aliipokea Alhamisi saa saba akaja nayo nyumbani anakimbia. Nilimnyang'anya baiskeli. Sijapanda baiskeli tangu nilipokuwa msichana, nimeanguka mara mbili, kiatu kimoja kimebaki sijui wapi. Nilipofika Temeke mkeo alikuwa barazani, mtoto mapajani, kijiko kiko kinywani mwa mtoto. Nilikipiga kile kijiko kikaruka. Mkeo akainuka akaniambia maneno ambayo sitayarudia, maana tumeshasameheana. Nilimpa karatasi asome. Alisoma akakaa chini.

Hospitali wamewanywesha maziwa na ute wa mayai, kikombe juu ya kikombe. Chupa zote tumezikusanya, hata ya Sista. Ilikuwa haijafunguliwa kwa sababu Sista mwenyewe anafunga. Ya kwangu niliikuta mezani, imeandikwa jina langu kwenye karatasi.

Sikukuu yote nashinda na kulala nao hospitali, nyumbani nimepita tu kukuandikia. Mimi nakujua tangu ukiwa na umri wa huyu mtoto. Ulikuwa ukivunja kitu unakificha, kisha unasimama mbele ya mahali ulipokificha. Mama alikuwa akiona ulipokaa ndipo anajua pa kutafuta. Leo hakuna mama wa kukutafuta.

Dada yako,
Demetria


Shamba la Karanga, Bara,
14 Aprili 1950

Mama Sesilia,

Apolinari amenipa barua ya dada. Nimepiga magoti palepale kwenye reli mbele ya watu.

Polisi walikuja jana. Meneja amesema hatanishtaki, kwa sababu simu ile niliituma mwenyewe. Lakini kazi imekwisha na cheti sitapewa. Jumatatu ijayo nitakuwa huru kuondoka.

Nataka unielewe kidogo tu. Sikunyamaza kwa kuwa sikuwapenda. Niliogopa kazi ikipotea mtoto atakula nini. Kama ningefungwa, nyumba ile ya Temeke mngeilipia na nini? Niliwaza ninyi tu, kila siku ile. Niliona barua yangu ya tarehe 27 inatosha. Ilikuwa amri wazi.

Naomba nirudi nyumbani. Nitafanya kazi yoyote, hata bandarini. Niandikie neno, nami nitakuja. Bila neno lako siwezi kupanda treni.

Mumeo,
Adelard


Temeke,
18 Aprili 1950

Adelard,

Barua zako tatu nimezipata kwa pamoja, nimezisoma hospitali, na jana tumeruhusiwa kurudi nyumbani.

Uliuliza kama tulikula. Tulikula.

Jumapili ya Matawi nilikaanga kama nilivyosema. Nilikuwa na hasira, na hasira ina nguvu. Sijawahi kutwanga vile. Ilitoka siagi nzuri kuliko zote, laini, mafuta yakaelea juu yenyewe. Niliionja, nikasikia ladha ya chuma kwa mbali. Nikadhani ni kikaango kipya. Mwajabu naye akaonja, akasema labda vijicho havikutoka vyote. Tukaendelea. Nilimpa Sesilia Jumatatu asubuhi na jioni, Jumanne asubuhi na jioni. Jumatano akaamka na vidonda mdomoni, anatapika. Nikafikiri surua imerudi. Unajua nilifanya nini? Nilimwongezea siagi, ili apate nguvu. Alikuwa anageuza uso, nami nambembeleza, namwimbia, nasema kijiko kimoja cha baba.

Alhamisi Demetria akaja. Nilimwita mchawi, nikamwita mfungua barua. Mguu wake ulikuwa unatoka damu. Siku tano amekaa hospitali sakafuni, mkono wake uko chini ya kichwa cha mwanangu, na hakunirudishia neno hata moja. Adelard, hajapata kufungua barua yetu hata moja. Bahasha zinalegea kwa sababu ya joto. Laiti angekuwa mwanamke wa kufungua barua za watu! Angeisoma ile ya tarehe 27, angeona mdogo wake anaficha kitu, angekuja mbio siku ileile.

Mwajabu amerudi kwake. Ameniambia, "Mie sina neno na wewe, mwanangu, tulionja pamoja." Lakini kinu chake amekichoma moto. Nilisikia harufu nikatoka, nikamkuta amesimama pale analia. Alipewa na mama yake.

Sesilia anakula uji mtupu. Anacheka. Ila mikono inamtetemeka. Akishika kikombe kinagongagonga meno. Daktari amesema labda itaisha akikua, labda haitaisha, hawezi kuniahidi. Na kutembea amesahau. Tumerudi kwenye kushika ukuta.

Sasa nikuambie lililo moyoni, maana sitaliandika tena.

Wizi nimekusamehe. Nilikusamehe palepale barazani, kabla sijafika mwisho wa ile karatasi. Uliiba kwa ajili ya mtoto, na mimi ndiye niliyekuchokoza kwa maneno. Hata lile vumbi, mimi mwenyewe niliita majivu nikacheka. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini tarehe 25 uliwaona wale watu kwenye machela. Tarehe 27 ulikaa mezani na kalamu. Ukaandika likizo, ukaandika utii, ukaandika samaki. Karatasi ilibaki nusu nzima tupu, ninayo hapa. Neno moja tu, sumu, na kama uliogopa karani mkuu asije akaliona, ungempa Apolinari aje aliseme kwa mdomo. Anapita hapa kila juma. Hukukosa njia. Ulipima kazi yako upande mmoja, na upande mwingine ukaweka utii wangu, ukaona vinalingana. Mtoto hukumweka kwenye mizani kabisa.

Unasema ulituwaza kila siku. Nasadiki. Ulituwaza kwa siku kumi na mbili.

Demetria anasema nikukatalie. Mwajabu anasema mtoto anahitaji baba, hata baba mwoga. Mimi usiku silali, mchana situlii, naanza kufua naacha nguo majini, naenda mlangoni narudi. Nimechoka kuwa na mume wa kwenye karatasi. Ya karatasi yote yanaweza kuandikwa.

Basi neno lako hili hapa: njoo.

Usiniletee kitu, wala usije na maelezo. Utaingia, utanawa, utaketi na Sesilia, utamwangalia akinywa uji wake mpaka amalize. Kisha nitakupakulia na wewe. Nawe utakula, Adelard, chochote nitakachokuwekea, bila kuniuliza nimekitoa wapi wala nimekitengeneza na nini. Sisi tulikula hivyo.

Felicitas